Nyumba yangu ilikaa sokoni miezi 11: uzi kuhusu kuiandaa nyumba na kuipangia bei kabla ya kuitangaza

Mleta mada

Wakuu, kila mtu anayefikiria kuuza nyumba yake huanza na swali la bei, nami nilianza nalo. Nililijibu vibaya, nyumba ikakaa sokoni miezi 11, nikashusha bei mara tatu, na mwishowe nikaiuza kwa fedha pungufu kuliko zile nilizozikataa katika mwezi wa pili. Naomba nieleze kwa kirefu, na wenye ujuzi zaidi yangu wanisahihishe.

Kosa langu lilikuwa hili. Nilichukua daftari nililokuwa nikiandika matumizi tangu siku ya kununua kiwanja, nikajumlisha saruji, nondo, mbao, ujira wa mafundi, vigae nilivyobadilisha mara mbili kwa sababu vya kwanza havikunipendeza, kisha nikaongeza kiasi fulani kwa ajili ya jasho langu. Jumla hiyo ndiyo niliyoitangaza kuwa bei. Katika miezi yote 11 hakuna mnunuzi hata mmoja aliyeomba kuliona lile daftari. Kila aliyekuja alikuwa amekwisha kuzunguka nyumba nyingine nne au tano, na alichokuwa akikipima kichwani ni kimoja tu: kwa fedha hizi, ninaweza kupata nini kwingine?

Baadaye nilikuja kujua kwamba ugonjwa huu umechunguzwa na wataalamu. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambamo baadhi ya washiriki walipewa vikombe na wengine hawakupewa. Waliopewa walidai, ili wakiuze kikombe, takriban mara mbili ya kile ambacho wenzao walikuwa tayari kulipa. Na hao walikuwa wamekaa na vikombe vyao kwa muda mfupi tu. Mimi nyumba ile nilikaa nayo miaka 19. Mwaka 2001 David Genesove na Christopher Mayer walionyesha jambo la karibu na hilo katika soko la nyumba za ghorofa mjini Boston: wamiliki ambao wangeuza kwa bei iliyo chini ya ile waliyonunulia walitangaza bei za juu kuliko wenzao, na nyumba zao zilikawia zaidi sokoni. Soko lilikuwa limeshuka kwa wote, lakini mwenye hasara kichwani alikuwa akitaka mnunuzi amlipie hasara hiyo.

Sasa kuhusu maandalizi, ambayo nimekuja kuamini kwamba hayatenganishwi na bei. Mnunuzi anapoingia ndani haoni nyumba unayoiona wewe. Anaona majibu na maswali. Kitasa kinachofunga vizuri ni jibu; doa la kahawia kwenye dari ni swali. Kwangu doa la namna hiyo lilikuwepo juu ya korido, upana wake kama sinia, limetokana na bati moja lililolegea ambalo fundi alilitengeneza kwa nusu siku. Bati lilipona, lakini doa nililiacha, nikijiambia kwamba nitaeleza. Mnunuzi wa kwanza aliyekuwa na nia ya kweli alilitazama doa lile, akanyamaza, akaenda kuyakagua madirisha ambayo hapo awali hakuyajali, akainama kutazama chini ya sinki, kisha akanipa bei iliyopungua kwa kiasi ambacho kingetosha kuezeka upya nusu ya paa. Hakukata gharama ya doa. Alikata gharama ya yote ambayo doa lilimfanya ayashuku.

Kwa hiyo utaratibu wangu leo ni kuanza na maji, kwa sababu maji ndiyo adui anayeogopwa kuliko wote: paa, mifereji ya paa, mabomba, chemba za maji taka, unyevu unaopanda ukutani kutoka chini. Tengeneza chanzo kwanza, uache ukuta ukauke kabisa, ndipo upake rangi. Anayepaka rangi juu ya ukuta wenye unyevu hununua wiki chache tu, kisha rangi huumuka na kubanduka mbele ya mgeni. Baada ya maji ni umeme, yaani soketi zilizolegea, nyaya zinazoonekana, swichi zisizowasha chochote. Ndipo yafuate mambo madogo ambayo mwenye nyumba amekwisha kuyazoea hata hayaoni tena: bawaba inayolia, bomba linalodondosha tone moja kila baada ya muda, mlango unaotaka kusukumwa kwa bega. Mwombe mtu asiyeishi nawe apite nyumba nzima na kalamu, wewe ukae nje.

Harufu nayo ina somo lake. Pua ya mwenyeji huzoea harufu ya nyumba yake mpaka isiisikie, iwe ya wanyama, ya sigara, ya mafuta ya jikoni au ya ukungu wa kabatini. Usiizime kwa manukato, maana manukato makali humfanya mgeni ajiulize yanaficha nini. Osha mapazia na mazulia, fungua madirisha kwa siku kadhaa, na pale penye ukungu rudi kwenye suala la maji.

Kuhusu vyombo, ondoa karibu nusu. Chumba kilichojaa makabati huonekana kidogo hata kama vipimo vyake ni vikubwa, na picha za familia zilizotanda ukutani humfanya mgeni ajione yumo katika nyumba ya watu. Hapo sina mengi. Kila mtu anajua kufagia.

Mwisho ni karatasi, na hizi naona watu huziacha hadi mnunuzi apatikane, jambo ambalo ni kosa kubwa. Hati miliki, ramani zilizoidhinishwa, kibali cha ujenzi pamoja na vibali vya vyumba vilivyoongezwa baadaye, risiti za kodi, salio la mkopo kama nyumba iko rehani, na ridhaa ya maandishi ya wamiliki wenza wote. Kama nyumba ni ya urithi, hakikisha mirathi imekamilika kabla hujamwita mtu yeyote kuja kuitazama. Hakikisha pia mipaka iliyo ardhini inalingana na iliyo kwenye ramani. Mnunuzi aliyekubali bei akisubiri karatasi miezi miwili atapata muda wa kuziona nyumba nyingine, na mara nyingi ndivyo inavyotokea.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, nakushukuru kwa uzi mzuri, lakini naomba kutofautiana nawe kidogo. Ushauri wako unafaa kwa nyumba ambayo mnunuzi ataihamia kama ilivyo. Mimi niliuza nyumba ya zamani iliyokaa kwenye kiwanja kikubwa, nikatumia fedha nyingi kupaka rangi na kubadilisha dari, na aliyeinunua aliivunja yote ndani ya wiki tatu. Alichokuwa akinunua ni ardhi. Ningejua, ningebakiza fedha zangu, nikafyeka majani tu na kuonyesha mipaka.

Mleta mada

Uko sahihi, ndugu yangu, na nilipaswa kulisema hilo mapema. Kabla ya kushika brashi mtu ajiulize ni nani hasa atakayenunua: familia itakayolala humo mwezi huohuo, mwekezaji atakayepangisha, au mjenzi anayetaka kiwanja. Wa kwanza atalipia usafi na utulivu wa moyo, wa pili atauliza kodi inayoingia kwa mwezi na matengenezo yanayomsubiri, na wa tatu hatatazama hata sebule.

Niongeze kwamba hata kwa familia, ukarabati mkubwa kabla ya kuuza mara nyingi haurudishi gharama yake. Jiko jipya kabisa utalichagua kwa ladha yako, na mnunuzi hatalipia ladha isiyo yake. Vilevile nyumba iliyopambwa kupita majirani wote huvutwa chini na mtaa, kwa kuwa mwenye uwezo wa kulipa bei hiyo atapendelea kwenda mahali ambapo nyumba zote ziko katika hadhi hiyo. Rekebisha kilichoharibika, safisha kilichochafuka, paka rangi tulivu, kisha simama hapo.

Mchangiaji wa 2

Mimi ni mthamini kwa taaluma, hivyo naomba nichangie upande wa bei, ambao mleta mada ameueleza kwa makosa yake bila kuonyesha njia.

Njia kuu ni tatu. Ya kwanza ni kulinganisha na nyumba zinazofanana zilizokwisha kuuzwa. Ya pili ni kukadiria gharama ya kuijenga nyumba hiyo leo, ukaondoa uchakavu, kisha ukajumlisha thamani ya ardhi. Hii hutumika zaidi kwa majengo ambayo ni vigumu kuyapatia mfano, kama shule au nyumba ya ibada. Ya tatu huangalia kipato cha kodi na huwafaa wawekezaji. Daftari la mleta mada lilikuwa ni njia ya pili iliyofanywa nusunusu, kwa sababu hakuondoa uchakavu hata kidogo.

Kwa nyumba ya kawaida ya kuishi, njia ya kwanza ndiyo yenye nguvu, na msingi wake ni bei iliyolipwa. Bei iliyotangazwa haitoshi, maana tangazo ni matumaini ya muuzaji tu, na nyumba iliyotangazwa mwaka mzima bila kuuzwa inakuonyesha bei ambayo soko limeikataa. Tafuta mauzo matatu au zaidi ya karibuni, katika mtaa huohuo au unaofanana nao, kisha urekebishe tofauti. Kanuni ni kwamba unairekebisha nyumba iliyouzwa ili ifanane na yako: ikiwa ina kitu ambacho yako haina, unapunguza thamani ya kitu hicho kwenye bei yake, na ikiwa inakosa kitu ulicho nacho, unaongeza.

Chukua mfano wa namba zisizo za fedha yoyote. Nyumba ya kwanza iliuzwa kwa 100, lakini ina bafu la ziada ambalo soko la hapo hulithamini kwa 6, hivyo inakuwa 94. Ya pili iliuzwa kwa 90 mwaka mmoja uliopita, na tangu hapo bei za eneo zimepanda kwa asilimia 3, kwa hiyo leo ni 92.7, inapungukiwa chumba kimoja chenye thamani ya 5, hivyo inakaribia 98. Ya tatu iliuzwa kwa 110, imekarabatiwa upya kwa thamani ya 10 na iko kwenye kona bora yenye thamani ya 4, hivyo inakuwa 96. Unaona kwamba bei zilizokuwa zimeachana kwa 20 sasa zimekusanyika kati ya 94 na 98. Nyumba yako imo humo. Kama baada ya marekebisho bado zimetawanyika mbali, ujue kwamba ulichagua mifano isiyofanana au uliyathamini vibaya yale marekebisho.

Tahadhari moja: usichukue bei kwa mita ya mraba ya nyumba ndogo ukaizidisha kwa ukubwa wa nyumba kubwa. Jiko, bafu na ardhi vipo katika zote mbili, kwa hiyo nyumba ndogo kwa kawaida huonekana ghali zaidi kwa kila mita, nawe utajidanganya kwenda juu.

Mchangiaji wa 3

Mthamini ametueleza vizuri. Nataka kuwaonya wakuu kuhusu bei za madalali. Niliwaita watatu kabla ya kuuza. Wawili walitaja bei zinazokaribiana, na wa tatu akataja bei iliyozidi zao kwa zaidi ya robo. Mnajua niliyemchagua. Baada ya kusaini mkataba wa miezi sita bila nafasi ya kumpa mwingine kazi hiyo, simu zake zote zilikuwa za kuniambia kwamba soko limebadilika na tushushe. Leo namwomba dalali anionyeshe mauzo matatu yaliyomfikisha kwenye bei yake, na asipoweza namshukuru na kumsindikiza mlangoni.

Kuna upande mwingine pia. Steven Levitt na Chad Syverson walichunguza mauzo ya nyumba karibu 100,000 katika eneo la Chicago na viunga vyake, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2008 walionyesha kwamba mawakala wanapouza nyumba zao wenyewe huzikawiza sokoni siku 9.5 zaidi na kupata bei ya juu kwa asilimia 3.7, ikilinganishwa na nyumba za wateja. Sababu yenyewe si uovu. Kama kamisheni ni asilimia 3, basi kuvuta bei kutoka 100 hadi 104 kunampa dalali nyongeza ya 0.12 tu, ilhali wewe unapata karibu yote yaliyobaki. Yeye akiwa na mnunuzi wa 100 leo, hana sababu kubwa ya kusubiri wiki mbili zaidi. Kwa hiyo dalali huyohuyo anaweza kukupandishia bei ili umpe kazi, na baadaye kukuharakisha ushuke ili aimalize.

Mchangiaji wa 4

Naomba kuuliza, na msinicheke. Nyumba yangu ina ufa ukutani upande wa nyuma. Fundi aliutazama akasema ni wa plasta tu. Je, niuzibe na kunyamaza, au nimwambie mnunuzi?

Mleta mada

Dada yangu, hakuna wa kukucheka. Ufa mwembamba wa plasta ni jambo la kawaida, lakini ufa unaopita kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, au unaopanuka mwaka hadi mwaka, unaweza kuwa wa msingi. Mlipe mhandisi au mkaguzi wa majengo akupe maelezo ya maandishi, kisha uzibe na uiweke karatasi hiyo pamoja na hati. Katika nchi nyingi muuzaji aliyeficha kasoro aliyoijua anaweza kushtakiwa hata baada ya mauzo. Zaidi ya sheria, kuna hesabu: kasoro utakayoitaja wewe mwenyewe, ikiwa na karatasi ya mtaalamu, hukatwa kwa gharama yake, lakini ile itakayogunduliwa na mkaguzi wa mnunuzi, baada ya wewe kunyamaza, hukatwa pamoja na uaminifu wako wote. Doa langu la korido lilinifundisha hilo.

Mchangiaji wa 5

Wakuu, mbona hakuna anayezungumzia nafasi ya kupatana? Kila mnunuzi ataomba apunguziwe. Ukitangaza 96 atakupa 88. Mimi ningetangaza 120 nikashuka taratibu. Isitoshe, wapo watafiti, Gregory Northcraft na Margaret Neale, ambao mwaka 1987 waliwapeleka mawakala wa nyumba mjini Tucson kuithamini nyumba moja, kila kundi likiwa limepewa bei tofauti ya tangazo. Makadirio ya mawakala yalifuata bei waliyopewa, ingawa wengi wao walisema hawakuitegemea. Kama bei ya juu inawavuta hata wataalamu, kwa nini isimvute mnunuzi wa kawaida?

Mchangiaji wa 2

Utafiti huo naufahamu, na hoja yako ina uzito, ila tazama jambo moja: mawakala wale walipelekwa kwenye nyumba. Waliingia, wakatembea vyumbani, wakapewa maelezo. Bei ya tangazo ilifanya kazi kwa mtu ambaye tayari yupo ndani. Mnunuzi wako hapelekwi na mtu. Yeye hukaa na simu yake, anaweka kikomo cha bei kwenye tovuti ya matangazo, na nyumba zote zilizo juu ya kikomo hicho hazimfikii. Mwenye uwezo wa 100 hataiona nyumba yako ya 120, na mwenye uwezo wa 120 ataiona pamoja na nyumba ambazo kweli ni za 120, akaiacha. Vilevile katika jaribio lile bei za tangazo hazikutofautiana na thamani halisi kwa zaidi ya takriban asilimia 12, na wewe unazungumzia robo nzima.

Nafasi ya kupatana ni halali, lakini iwe ndani ya kile soko linachokiona kuwa ni cha kawaida. Kwa mfano wetu wa 94 hadi 98, mimi ningetangaza 99 au 100, na 100 kamili ina faida ya kuangukia ndani ya kikomo cha watu wanaotafuta hadi 100. Kisha ningeandika kwenye karatasi, kabla mgeni wa kwanza hajafika, kiasi cha chini kabisa nitakachokubali, nikiwa nimekwisha kutoa kamisheni, kodi, ada za mwanasheria, salio la mkopo na gharama ya kuhama. Karatasi hiyo haonyeshwi dalali.

Kumbuka pia kwamba ikiwa mnunuzi anatumia mkopo wa benki, benki itamtuma mthamini wake, na makubaliano yenu ya juu yanaweza kuvunjika hapo hata kama mnunuzi ameridhika.

Mchangiaji wa 4

Asante sana, kaka. Swali la mwisho kutoka kwangu: nikikosea bei pamoja na yote haya, nitajuaje, na nishuke vipi?

Mleta mada

Wiki tatu au nne za mwanzo ndizo zenye watu wengi, kwa kuwa tangazo jipya hutazamwa na wote waliokuwa wakisubiri kwa muda mrefu. Wakati huo ndipo soma dalili. Kama hakuna anayepiga simu, tatizo ni bei au picha. Kama wanakuja wengi lakini hakuna anayetaja bei yoyote, kuna kitu ndani ya nyumba ambacho picha hazikukionyesha. Waulize walioondoka, kwa upole, na usijitetee. Kama wanataja bei na zote zinakaribiana chini ya yako, basi hiyo ndiyo bei ya nyumba yako, uipende usiipende. Mimi nilipewa bei tatu zinazokaribiana katika mwezi wa pili, nikawaona wote watatu ni wajanja.

Ukishuka, shuka mara moja kwa kiasi kinachokuvusha hadi chini ya kikomo kingine cha watafutaji. Mimi nilishuka kidogokidogo mara tatu, na kila mara waliokuwa wakifuatilia tangazo walijifunza kwamba wakisubiri nitashuka tena. Na siku utakayobadilisha bei, badilisha pia picha ya kwanza: ipigwe asubuhi kukiwa na mwanga, mapazia yakiwa wazi, na hakikisha huonekani kwenye kioo.

Mchangiaji wa 4

Mhandisi anakuja Jumatatu kuutazama ufa. Nitaleta majibu hapahapa.